Mtu Kwanza, Kadi Baadaye: Usanifu wa Modeli katika Mifumo ya Utambulisho ya Serikali

Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, hii tunayoiita namba ya NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 9 Desemba 1961 namba yake itaanza na 19611209. Karani wa kaunta anaipenda namba ya namna hiyo kwa sababu akiitupia jicho tu ameshajua umri wako. Msanifu wa mifumo anaitazama kwa wasiwasi. Ikigundulika kwamba tarehe ilikosewa siku ya usajili, itakuwaje? Ukisahihisha tarehe na kuiacha namba, namba itabaki inasema uongo maisha yote. Ukibadilisha na namba, basi benki, kampuni ya simu, mamlaka ya mapato na mfuko wa hifadhi ya jamii watabaki na mtu ambaye kwenye sajili hayupo tena.

Tanzania haiko peke yake. Namba ya Rwanda ina tarakimu 16, na ndani yake umo mwaka wa kuzaliwa na tarakimu inayoonyesha jinsi. Ya Uganda ina herufi na tarakimu 14. Ya raia mwanamume huanza na CM, ya mwanamke CF. Hata Estonia, nchi inayosifiwa kila kongamano la serikali mtandao, ina namba ya tarakimu 11 ambayo ya kwanza inasema jinsi na karne ya kuzaliwa, kiasi kwamba anayebadili jinsi yake kisheria hulazimika kupewa namba mpya. India ilikwenda njia nyingine: Aadhaar, iliyoanza kutolewa mwaka 2010, ni tarakimu 12 zisizosema lolote juu ya mwenyewe, na ya mwisho ipo kwa ajili ya kugundua makosa ya kuandika.

Uamuzi wa kuweka au kutoweka tarehe ndani ya namba haufanywi na kompyuta. Unafanywa na watu mezani, mara nyingi kabla hata ya zabuni kutangazwa, na baadaye mashine zote zinaubeba. Seva zitachakaa, kadi zitabadilishwa, mzabuni ataondoka na mwingine ataingia, lakini tarakimu nane zitabaki pale pale. Makala hii inahusu utaratibu wa kujenga mifumo unaolichukulia jambo hilo kwa uzito: kwamba maamuzi ya namna hii yaandikwe peke yake, rasmi, mahali ambapo yanaonekana, mbali na teknolojia itakayoyatekeleza.

Mwaka 2001 jumuiya ya viwango ya Object Management Group, ile ile iliyokuwa imeipitisha lugha ya michoro ya UML mwaka 1997, ilitangaza utaratibu huo kwa jina la Model Driven Architecture, au MDA. Tuuite usanifu unaoongozwa na modeli. Modeli hapa ni maelezo rasmi, ya michoro na kanuni, ya kile mfumo unachopaswa kukijua na kukifanya. Badala ya kuketi na kuandika programu moja kwa moja, unajenga modeli kwanza, kisha modeli inageuzwa kuwa programu, na kazi ya kugeuza ifanywe na mashine kadiri inavyowezekana.

Modeli zenyewe zimepangwa katika matabaka matatu. La kwanza linaeleza shughuli kana kwamba kompyuta hazijavumbuliwa: raia ni nani, mkaazi ni nani, mtoto anasajiliwa na nani, ushahidi gani unakubalika kwa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa. Wasomaji wake ni mwanasheria, afisa usajili na mtendaji wa kata. La pili linaeleza mfumo, yaani vitu, mahusiano, hali na kanuni, bila kutaja bidhaa yoyote. La tatu ndilo linalofunga ndoa na teknolojia: kanzidata ya kampuni gani, chipu ya aina gani, itifaki ipi ya kuingilia kwenye huduma. Fundi cherehani ana daftari la vipimo. Kiuno na urefu wa mkono havijui kama kitambaa ni kitenge au sufu, vinaandikwa mara moja, na kila kitambaa kinakatwa kwa kuvifuata. Tabaka la pili ndilo daftari hilo.

Sababu ya utambulisho kuufaa sana utaratibu huu ni umri. Mtu akisajiliwa leo akiwa na miaka 18, taarifa zake zitatumika kwa miaka sitini, pengine zaidi, na warithi wake watazihitaji hata baada ya hapo. Ukija kwenye teknolojia ya kuingilia kwenye huduma, SAML 2.0 ni ya mwaka 2005, OpenID Connect ikaja 2014, na WebAuthn ikawa kiwango rasmi cha wavuti mwaka 2019. Katika miaka 14 zimepita tatu. Anayeziandika taarifa za mtu kwa lugha ya itifaki ya mwaka fulani amejiandalia kazi ya kuhamisha taifa zima kila baada ya muda mfupi.

Modeli yenyewe, kwa karibu

Maneno matupu hayatoshi, basi tuichore modeli ya tabaka la pili, ndogo lakini inayofanya kazi.

Katikati anakaa Mtu. Mtu ana Namba moja, isiyobeba maana yoyote, isiyobadilika, na isiyogawiwa tena kwa mwingine. Pembeni yake ziko Sifa: jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsi, mahali pa kuzaliwa. Kila Sifa ina chanzo chake, iwe cheti, hati ya mahakama au kiapo. Ina tarehe ya kuanza kutumika na, ikibadilishwa, tarehe ya kukoma. Kwa mpangilio huo mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa hana majina mawili yanayogombana kwenye mafaili. Ana jina lililokuwa halali hadi siku fulani, na jingine lililoanza siku iliyofuata. Ile tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa nayo inasahihishwa bila kumgusa Mtu wala Namba.

Kisha kuna Kithibitisho, kitu ambacho mtu anakitumia kuonyesha kwamba yeye ndiye: kadi yenye chipu, namba ya siri, alama ya kidole, simu iliyosajiliwa. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vingi. Kila kimoja kina hali yake: kinasubiri, ni hai, kimesimamishwa, au kimefutwa. Juu ya hapo zinawekwa kanuni, na katika MDA kanuni ni sehemu ya modeli sawasawa na michoro. Nne za kuanzia:

Kithibitisho kilichofutwa hakirudi kuwa hai.
Hali ya kithibitisho ikibadilika, Mtu na Namba yake havibadiliki.
Huduma ya ngazi ya juu inahitaji vithibitisho hai viwili vya aina mbili tofauti.
Namba peke yake si kithibitisho.

Hiyo ya mwisho inaonekana ya kitoto, lakini tazama inavyovunjwa kila siku. Tanzania ilipoanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole Mei 2019, zoezi ambalo mwisho wake ulisogezwa hadi Januari 20, 2020, watu wengi walikuwa na namba lakini kadi hazijawafikia. Wakala alichukua namba pamoja na kidole, na hapo kanuni iliheshimiwa: namba ilisema wewe ni nani, kidole kikathibitisha. Tatizo liko kwingine. Namba hiyo hiyo imeandikwa kwenye fotokopi zilizoachwa kwenye ofisi za mikopo, kwa madalali wa nyumba, kwa waajiri wa miaka iliyopita. Huwezi kuifanya siri tena. Na pale ambapo kidole hakipo, baadhi ya huduma za mtandaoni zinauliza maswali: jina la mama, shule ya msingi uliyosoma, mahali ulipozaliwa. Kwa mtu mwenye shangazi mmoja mdadisi, majibu ya maswali hayo anayo mtaa mzima. Kwenye modeli, maswali kama hayo yangelazimika kutajwa kuwa ni aina ya Kithibitisho na kupewa ngazi, na ngazi hiyo ingekuwa ya chini kabisa. Kwenye mfumo usio na modeli yanaingia kimyakimya kama kidirisha tu cha programu.

Alama ya kidole nayo ina mambo yake. Kuna kazi mbili tofauti zinazofanywa kwa kidole kimoja. Siku ya usajili kidole chako kinalinganishwa na vya watu wote waliomo, ili kuhakikisha hukujisajili mara mbili. Siku ya kutumia huduma kinalinganishwa na chako tu. Ya kwanza ni nzito, inahitaji mitambo mikubwa, na hufanyika mara moja. Ya pili ni nyepesi na hufanyika kila siku. Nimeona nyaraka za mifumo zinazozitaja zote mbili kwa neno moja, halafu watu wanashangaa bajeti imetoka wapi. Modeli inazitenganisha, kila moja na jina lake.

Zaidi ya hapo, jaribu kukiweka kidole kwenye hali ya "kimefutwa". Kadi ikiibwa unaifuta na kutoa nyingine. Data ya kidole ikivuja, utafuta nini? Modeli haina jibu la swali hilo, ila inakulazimisha ulijibu kabla ya kununua vifaa. Vivyo hivyo kwa mvunja kokoto, mvuvi au bibi wa miaka themanini ambaye mistari ya vidole imekwisha kabisa. Mara nyingi mtu huyo anashughulikiwa na huruma ya afisa aliyeko zamu. Kwenye modeli anapaswa kuwa na njia yake yenye jina, yenye masharti yake na yenye ngazi yake, kwa sababu kisichokuwemo kwenye modeli hakitakuwemo kwenye programu, na mwananchi ataambiwa arudi kesho.

Kuhusu ngazi, kuna viwango viwili vya kuazima badala ya kubuni vyako. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, eIDAS, inaweka ngazi tatu za uhakika: ya chini, ya kati na ya juu. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotoka mwaka 2017 kwa namba SP 800-63-3 ulifanya jambo ambalo kwangu ni la maana zaidi: uliigawa ngazi moja kuwa vipimo vitatu. Kimoja ni jinsi mtu alivyohakikiwa siku ya usajili. Cha pili ni uimara wa njia anayoitumia kuingia. Cha tatu ni uimara wa ujumbe unaopelekwa kwa taasisi nyingine kusema kwamba ameingia. Mtu anaweza kuwa amehakikiwa kwa cheti, mashahidi na vidole kumi, halafu anaingia kwenye akaunti yake kwa nywila ya "123456". Kipimo kimoja kingekuambia huyu ni wa ngazi gani? Vikiwa vitatu, udhaifu unajionyesha wenyewe.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kuongeza kwenye mchoro: Swali. Taasisi inayotaka kumjua mtu haipewi faili lake. Inauliza, nayo inajibiwa. Mfumo wa Aadhaar unaweza kujibu ndiyo au hapana tu: je, kidole hiki ni cha namba hii? Duka la pombe linahitaji kujua kama mteja amefikisha miaka 18, halihitaji siku yake ya kuzaliwa. Ukiweka Swali kama kitu kamili ndani ya modeli, chenye muulizaji, sababu na kumbukumbu ya lini liliulizwa, umepata pia orodha ambayo mwananchi anaweza kuonyeshwa: nani ameniulizia, na kwa nini. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinampa mtu haki za namna hiyo, na ni rahisi zaidi kuzitekeleza pale Swali linapokuwa na makazi yake.

Estonia, vuli ya 2017

Estonia ina watu wapatao milioni 1.3. Ilianza kutoa kadi zenye chipu mwaka 2002. Ndani ya kadi kuna jozi mbili za funguo: moja ya kuingilia kwenye huduma, inayofunguliwa kwa PIN1, na nyingine ya kusaini hati, inayofunguliwa kwa PIN2. Mwishoni mwa Agosti 2017 serikali ilipata taarifa kutoka kwa watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Masaryk kilichoko Brno, Jamhuri ya Cheki: programu iliyomo kwenye chipu za kampuni ya Infineon ilikuwa inazalisha funguo za RSA, njia mojawapo ya usimbaji (kufunga taarifa kwa hesabu), zenye mpangilio unaotabirika. Ufunguo wa hadharani, ambao kwa asili yake hauna siri, pamoja na nguvu kubwa ya kompyuta, vingeweza kumpa mtu ufunguo wa siri wa mwenye kadi. Dosari hiyo inaitwa ROCA. Kadi zilizoguswa zilikuwa takriban 750,000, zikianzia zile zilizotolewa Oktoba 2014. Kwa nchi ya watu milioni 1.3, hiyo ni zaidi ya nusu ya taifa.

Tarehe 5 Septemba serikali ikalitangaza jambo hilo hadharani. Mwisho wa Oktoba ikafungua mlango wa kusasisha kadi kwa mtandao, na usiku wa Novemba 3 vyeti vya kidijitali, vinavyosema funguo ni za nani, vya kadi zote zilizoguswa na ambazo hazikuwa zimesasishwa vikasimamishwa. Zingatia kwamba vilisimamishwa, havikufutwa. Mwenye kadi alikuwa na nafasi ya kusasisha na kurejea. Ambao hawakufanya hivyo hadi mwisho wa Machi 2018, vyeti vyao vilifutwa. Usasishaji wenyewe uliacha RSA na kuhamia njia nyingine, usimbaji wa mikunjo ya duaradufu, ambao chipu zile zile tayari zilikuwa na uwezo nao. Namba ya mtu haikuguswa. Aliyekuwa na Mobile-ID, utambulisho unaokaa kwenye laini ya simu, aliendelea na shughuli zake kama kawaida kwa sababu kile kilikuwa kithibitisho kingine.

Sisemi kwamba Estonia waliujenga mfumo wao kwa MDA. Ninachosema ni kwamba walipobanwa, kilichowaokoa ni mgawanyo ule ule ambao MDA inaudai: mtu kando, kithibitisho kando, hesabu za usimbaji chini kabisa. Na pale walipoumia, waliumia kwa sababu mgawanyo ulikuwa umevunjwa. Mifumo iliyokuwa imejengwa kwa kudhani kwamba ufunguo utakuwa wa RSA daima ililazimika kufunguliwa na kurekebishwa kwa haraka. Dhana hiyo ilikuwa ya tabaka la tatu, lakini ilikuwa imepanda juu bila mtu kuiona.

Sasa fikiria nchi ambayo namba, kadi na kidole vimekaa kwenye jedwali moja, safu tatu za mstari mmoja. Huko kusimamisha kadi ni kumsimamisha mtu. Hawezi kulipwa pensheni, hawezi kununua mbolea ya ruzuku, hadi apate kadi mpya.

Kugeuza modeli, na mahali inapokataa kugeuka

Kugeuza modeli kuwa programu kunaendeshwa na kanuni zilizoandikwa. Chukua hali ya "kimesimamishwa". Kwa kadi yenye chipu, kanuni itasema: cheti kiingizwe kwenye orodha ya vyeti visivyokubalika kwa sababu ya kuzuiliwa kwa muda, sababu ambayo kiwango cha vyeti vya kidijitali cha X.509 kinaitambua na kinaruhusu kuiondoa baadaye. Kwa funguo za WebAuthn zilizoko kwenye simu, hali ya kusimamishwa haiko kwenye kifaa. Kanuni lazima iseme kwamba seva ndiyo iitunze na kuikagua kila mtu anapoingia. Neno ni moja juu, utekelezaji ni wa aina mbili chini, na anayeandika huduma ya leseni za biashara hahitaji kujua tofauti hiyo.

Utamu wenyewe, kwa maoni yangu, uko pale modeli inapokataa. Nusu ya wateja wa huduma za serikali katika nchi zetu wanaweza kuwa na kitochi tu, kwa hiyo kila wizara inataka huduma yake ipatikane kwa nyota na reli, yaani kwa USSD. Rudi kwenye kanuni ya tatu: ngazi ya juu inahitaji vithibitisho viwili vya aina tofauti. Kwenye kitochi una namba ya siri unayoijua na laini unayoimiliki. Viwili hivyo. Lakini laini inaweza kuhamishwa kwenda kadi nyingine na tapeli mwenye mtu wake ndani ya duka la simu, na ujumbe wa USSD haujasimbwa kuanzia kwenye simu yako hadi kwenye seva ya serikali. Mwongozo ule wa NIST wa 2017 uliiweka misimbo inayotumwa kwa meseji kwenye kundi la njia zenye vikwazo, kwa hofu za namna hiyo hiyo.

Je, laini ihesabiwe kuwa kithibitisho cha ngazi ya juu? Mwandishi wa kanuni za kugeuza hawezi kukwepa. Akisema hapana, mashine inapofika kwenye huduma ya kuhamisha umiliki wa kiwanja kupitia USSD itasimama na kusema: kwa jukwaa hili, sharti hili halitimizwi. Wakubwa wanaweza kuamua huduma hiyo ibaki ofisini, au wakubali kushusha ngazi kwa maandishi na sahihi. Vyovyote watakavyoamua, uamuzi umefanyika mezani mchana kweupe. Pasipo modeli, kijana mmoja aliyebanwa na tarehe ya uzinduzi angeamua peke yake, usiku, kwa mstari mmoja wa programu.

Tabaka ambalo mashine haiwezi kulisaidia

Kosa la tabaka la tatu linagharimu fedha. La tabaka la kwanza linaweza kugharimu zaidi ya hapo. Kadi za utambulisho za Rwanda, tangu enzi za Wabelgiji katika miaka ya 1930, zilikuwa na nafasi ya kuandika kama mwenye kadi ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Baada ya mauaji ya kimbari nafasi hiyo iliondolewa. Hakuna usimbaji wala chipu ambavyo vingeilinda nchi na sifa hiyo moja. Ilikuwa imeandikwa mahali pake sahihi, kwa usahihi wote.

Kenya ilipita njia nyingine, ya mahakama. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliyoanzisha mfumo wa NIIMS, maarufu kwa jina la Huduma Namba, yalitaja DNA na majira ya GPS miongoni mwa taarifa za kukusanywa. Aprili 2019 Mahakama Kuu ilizuia kukusanywa kwa vitu hivyo viwili, na Januari 30, 2020 ikaamua kwamba ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo usiendelee hadi kuwe na kanuni kamili za kuuongoza. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba utoaji wa kadi ulifanyika bila tathmini ya athari kwa ulinzi wa data. Baadaye serikali nyingine ikaja na mfumo mwingine wa utambulisho, Maisha Namba.

Ukiisoma kesi ile kwa jicho la msanifu, mabishano yote yalikuwa juu ya modeli ya tabaka la kwanza: sifa zipi ziwemo, nani aulize, kwa sheria ipi. Laiti modeli ingekuwa imechapishwa kwenye kurasa chache zinazosomeka kabla ya sheria kupitishwa, watetezi wa haki wangezikuta DNA na GPS siku ya kwanza. Wanubi wa Kenya, ambao kwa miaka mingi walipitishwa kwenye kamati za uhakiki ili kupata kitambulisho, wangeuliza mapema: huo uhakiki wetu wa ziada umeandikwa wapi, na kwa nini? Ninaamini hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na wauzaji wa programu hawaitaji kabisa. Modeli ya tabaka la kwanza inaweza kujadiliwa na watu wasiojua kompyuta.

Sasa kasoro za MDA, nazo si chache. Ahadi ya awali, kwamba utachora, utabonyeza, na programu itatoka nzima, imetimia kwa sehemu tu. Zana za kuchora za kampuni moja hazisomi vizuri mafaili ya nyingine, ingawa lipo umbo la pamoja la XMI kwa kazi hiyo hiyo. Wataalamu ni wachache. Kibaya zaidi, programu iliyozalishwa na mashine huanza kurekebishwa kwa mkono palipo na dharura, na marekebisho hayarudi kwenye modeli. Ndani ya mwaka modeli imekuwa picha ya ukutani, na ukweli uko kwenye programu ambayo hakuna anayeielewa yote. Halafu kuna hatari iliyo wazi: modeli mbovu inanakiliwa kwa uaminifu kamili kwenye kila jukwaa.

Kwa hiyo mimi ningechukua nidhamu na kuiacha ndoto. Timu ya watu sita katika wizara inaweza kuiandika modeli kama maandishi ya kawaida, ikaitunza pamoja na historia ya kila badiliko, na kuzalisha kutoka humo mambo manne tu: muundo wa kanzidata, kamusi ya data, violesura vya kuulizia, na majaribio. Hasa majaribio. Kanuni ya "kilichofutwa hakirudi kuwa hai" ikigeuzwa kuwa jaribio linaloendeshwa kila usiku dhidi ya mfumo ulio hai, itakamata rekebisho la mkono lililokiuka modeli kabla ya tapeli kulikuta. Programu nyingine yote iandikwe na watu.

Mfumo wa utambulisho wa chanzo huria wa MOSIP, ulioanzia mwaka 2018 kwenye taasisi ya IIIT-Bangalore nchini India na kutumiwa na Ufilipino, Moroko na Ethiopia, si zao la MDA, lakini unaonyesha kwamba serikali inaweza kununua mashine za vidole kwa huyu na kadi kwa yule, mradi mipaka kati ya vipande imeandikwa na inamilikiwa na mnunuzi.

Umiliki huo unaamuliwa kwenye hati ya zabuni. Mikataba mingi ya utambulisho inaorodhesha idadi ya kadi, mashine na seva, halafu inaishia kwenye mafunzo. Ongeza vipengele vitatu. Kwanza, modeli, kanuni za kugeuza na majaribio vikabidhiwe pamoja na mfumo, katika mafaili yanayofunguka bila programu ya mzabuni, na haki zake ziwe za serikali. Pili, kila badiliko la mfumo lianzie kwenye modeli. Lisiloanzia huko lisilipwe. Tatu, kabla ya malipo ya mwisho, serikali ilete kithibitisho cha aina moja kutoka kwa muuzaji mwingine kabisa, tuseme kisoma vidole cha kampuni shindani, na mzabuni akiunganishe ndani ya muda uliokubaliwa bila kugusa sajili ya watu. Mzabuni aliyetenganisha matabaka atalifanya zoezi hilo bila kelele. Asiyeyatenganisha ataomba nyongeza ya mkataba, na hapo afisa manunuzi atakuwa bado ameshika fedha.